Lahadha Isiyorudi

Mhadhara uliosomwa Dodoma mbele ya wapiga picha, walimu na wanafunzi



Mmenipa heshima ya kunitaka niseme mbele yenu juu ya sanaa ya kupiga picha, na hususan juu ya ile sehemu yake iliyo ngumu kuliko zote, yaani kulidiriki jambo ambalo hutokea mara moja tu na likishapita halirejei. Na kwa kuwa wengi wenu mnazijua kamera kuliko ninavyozijua mimi, sitawachosha kwa habari za lenzi na vipimo vya mwanga. Rai yangu ni kwamba kidole kifyatuacho ndicho chenye kazi ndogo kabisa katika shughuli yote. Picha ya lahadha ipitayo huanza zamani kabla ya kufyatuliwa, ndani ya ujuzi wa mpigaji, na haikamiliki mpaka baadaye, pale mtu anaposhika kalamu akaandika ni nani huyu, ni wapi hapa, na ilikuwa lini.

Niruhusuni nianzie mbali kidogo. Mwaka 1838, Mfaransa Louis Daguerre alikielekeza chombo chake kutoka dirishani kwenye barabara ya Boulevard du Temple, mjini Paris, barabara ambayo wakati ule ilikuwa na pilikapilika za farasi, magari na watu kama ilivyo desturi ya miji mikubwa. Lakini kwa sababu bamba la fedha alilolitumia lilihitaji dakika kadhaa ili lishibe nuru, vyote vilivyokuwa vikienda vilikwenda bila ya kuacha hata kivuli, na picha ilipotokea ilionyesha majumba marefu na barabara tupu, isipokuwa mtu mmoja pembeni, aliyesimama mguu mmoja juu akisafishiwa viatu. Huyo anahesabiwa kuwa miongoni mwa wanadamu wa kwanza kabisa kuonekana pichani, naye amepata fahari hiyo kwa kutulia tu, wakati wenzake wote waliokuwa na haraka wamefutika. Jina lake halijulikani, wala la yule aliyeinama kumsafishia.

Tangu siku hiyo watu walipigania kasi. Mwaka 1878, huko California, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi, kila moja ikifyatuliwa na uzi uliokatwa na farasi mwenyewe, akawathibitishia waliobishana kwamba farasi akienda mbio kwato zake zote nne huwa juu ya ardhi kwa muda. Na mwaka 1925 ikauzwa kamera ndogo ya Leica, iliyomwezesha mtu kutembea mjini na chombo chake mfukoni badala ya kubeba sanduku na miguu mitatu ya mbao. Leo simu ya kijana wa hapa Majengo hupiga picha kumi na zaidi kwa sekunde moja. Kasi, basi, imekwisha kupatikana na imekuwa mali ya kila mtu. Kilichobaki kuwa adimu ni kitu kingine.

Atakaye kukiona kitu hicho na aende kutazama ngoma ya Wagogo. Katika ngoma yao iitwayo muheme akina mama hubana ngoma mapajani wakazipiga kwa viganja, sauti zikipishana na kujibizana hata mgeni hajui mkono upi umetoa mlio upi, na wachezaji wenye njuga miguuni hupandisha na kushusha mabega mpaka wafike mahali pa kuruka. Mpiga picha aliyetoka mbali huuona mruko, naye hufyatua alipouona. Hapo ndipo anapokosa. Maumbile yetu yamewekwa hivi, kwamba baina ya jicho kuona na kidole kutii hupita takriban moja ya tano ya sekunde, na mtu aliyeruka nusu mita hutumia chini ya theluthi mbili za sekunde tangu kuiacha ardhi mpaka kuirudia. Kwa hiyo aliyengoja amwone mchezaji kileleni ndipo afyatue, atampata ameshashuka karibu nusu ya njia, magoti yamekunjika na uso umeinamia chini kutafuta pa kukanyaga.

Lakini iko rehema katika hesabu hiyo hiyo. Kitu chochote kirushwacho juu hupungua mwendo kadiri kinavyopanda, na mrukaji hukaa nusu ya muda wake wote wa angani katika robo ya juu kabisa ya kimo alichokifikia, ndiyo maana macho yetu hudhani kwamba wachezaji hodari huning'inia. Lahadha ile, kumbe, si fupi kama tunavyodhani. Ni pana ya kutosha kwa mtu anayejua kuwa inakuja. Na nani ajuaye? Anayeisikiliza ngoma. Mapigo hubadilika kabla ya miguu kubadilika, na mtu aliyekulia Mvumi au Bahi, aliyeyasikia mapigo hayo tangu alipokuwa mgongoni mwa mama yake, hufyatua kabla hajaona kitu, kwa sikio na wala si kwa jicho. Nimewahi kusikia watu wakibishana juu ya kamera ipi ifaayo kwa ngoma. Mimi naona bora waulizane ni nani kati yao aijuaye ngoma yenyewe.

Mfano wa pili wa ujuzi huo unasimama pande zote za mji wetu, mkubwa na mzee kiasi kwamba tumezoea kutouangalia. Mbuyu hukaa miezi mingi ya kiangazi bila jani, ukionekana kuwa mti uliokufa, kisha mvua zinapokaribia huning'iniza matumba makubwa ya kijani yenye vikonyo virefu; na tumba likiwa tayari hupasuka wakati wa magharibi, petali nyeupe zikajikunja kurudi nyuma, na popo wakaja usiku ule ule kunywa utamu wake na kubeba chavua. Kesho yake ua limeshaanza kuwa la hudhurungi, na haipiti siku nzima ila limeanguka. Hata hivyo watu wengi wa Dodoma, kwa maelfu ya picha za mibuyu wanazozipiga, hawana hata moja ya ua likiwa wazi, kwa sababu sisi hupiga picha mchana na mbuyu hufungua mlango wake usiku. Mtoto wa mchungaji anajua. Huyaona maua yaliyolala chini asubuhi, na kwa hayo hufahamu ni mti upi wa kuungojea jioni. Ndivyo kadhalika kwa chamchela za vumbi za mwezi wa Septemba na Oktoba, ambazo kwa mgeni huzuka ghafla kama majini, ilhali wachungaji wanajua kuwa hupenda saa za adhuhuri na alasiri, ardhi ikiwa imekwisha kuwaka, na hupenda uwanda usiokuwa na kichaka.

Ziko pia lahadha ambazo wanadamu wamezihesabu kabla ya wakati wake. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa, na ukanda wa kupatwa kwa duara, ambapo mwezi huziba katikati ya jua na kuacha pete ya moto pembezoni, ulipita kusini mwetu, katika nchi ya Usangu. Watu walikusanyika Rujewa kutoka kila upande, ilhali sisi huku tuliliona jua limemegwa tu. Walioinua macho kwa miwani maalumu waliona ajabu moja. Walioinamisha macho chini ya miti waliona ya pili, kwani kila tundu dogo baina ya majani lilikuwa limekuwa kamera, na ardhi imejaa sura ndogo ndogo za jua lililomegwa. Jambo hilo alilieleza kwa hoja na hesabu Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufia Kairo karibu na mwaka 1040, katika risala aliyoiandika juu ya sura ya kupatwa kwa jua. Na kwa hiyo tunaposema kwamba upigaji picha ni ilimu ya Wafaransa, ni haki tuongeze kwamba walichokigundua wao ni namna ya kuishika sura isiponyoke, ama sura yenyewe ilikuwa imekwisha kuelezwa miaka mia nane kabla yao, kwa lugha ambayo maneno yake mengi yamo vinywani mwetu.

Sasa niingie katika nusu ya pili ya maneno yangu, ile ya kalamu, ambayo kwangu ndiyo nzito zaidi.

Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, na atakayeipanda hapa stesheni akaelekea magharibi atamaliza safari yake kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Jina la ziwa hilo limeenea ulimwenguni, miongoni mwa wapenda picha, kwa sababu ya taswira moja. Mwaka 1930 au 1931, Mhungaria Martin Munkácsi, aliyekuwa akifanyia kazi magazeti ya Berlin, alipiga picha ya wavulana watatu wakikimbilia majini: wamepigwa kwa nyuma, miili yao myeusi dhidi ya povu jeupe, mkono mmoja umenyanyuka, mguu mmoja umekunjwa, na viungo vyote vimepangana kwa namna ambayo robo sekunde kabla havikuwa hivyo na robo sekunde baadaye havitakuwa hivyo tena. Kijana mmoja wa Kifaransa, Henri Cartier-Bresson, aliiona picha hiyo, na katika maisha yake yote marefu alikuwa akisema kwamba hiyo ndiyo iliyomtia moto na kumfahamisha kuwa kamera yaweza kuidiriki milele kwa lahadha moja. Huyo ndiye aliyekuja kuchapisha, mwaka 1952, kitabu kilichowafanya wapiga picha wa dunia nzima wazungumze habari za lahadha ya kukata shauri, na vizazi vya wanafunzi vikafundishwa kwayo. Kwa maneno mengine, ukiufuata mto huo wa fikra mpaka chemchemi yake, utawakuta watoto watatu wa Kiafrika wakioga.

Ni wa wapi? Picha imechapishwa kwa miaka mingi kwa jina la Ziwa Tanganyika, na Mtanzania yeyote angependa iwe hivyo. Lakini wachunguzi waliozifuatilia safari za Munkácsi wamekuja kusema kwamba ilipigwa Liberia, upande wa pili wa bara, mahali ambapo mawimbi ni ya bahari na wala si ya ziwa, na makumbusho mengine sasa huiandikia jina hilo. Tazameni basi uzito wa jambo hili: picha ambayo hakuna hata nukta moja ya mwili iliyokosewa, ambayo kwa ufundi haina dosari, imepotelewa na mahali pake kwa umbali wa kilomita maelfu, na majina ya wale watatu hayakupata kuandikwa kabisa. Walikuwa na mama zao. Jioni ile waliitwa kwa majina warudi nyumbani. Mpigaji aliyekuwa mwepesi kiasi cha kuunasa mguu ulio hewani hakuona haja ya kutumia dakika tano kuwauliza.

Watu husema, picha nzuri haihitaji maneno. Mimi nawaambia waende Kolo. Kaskazini ya Kondoa, katika miamba iliyotandaza paa zake juu ya bonde, iko michoro ambayo mwanaakiolojia Mary Leakey na mumewe waliinakili kwa mkono mwaka 1951, na ambayo tangu mwaka 2006 imeingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia: twiga, tembo, pofu, na watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa kwa nywele au mapambo, wote kwa rangi nyekundu iliyonyweka ndani ya jiwe. Waliochora hawakuwa wakichora mambo yasiyosogea. Yuko mnyama aliyegeuza shingo, wako watu waliojikunja katikati ya mwendo. Mchoraji alikwisha kuijua shida yetu, akaishinda kwa kumbukumbu badala ya lenzi. Na liko jopo moja mashuhuri ambamo wanaonekana watu watano katika safu, wa kati akivutwa mikono na walio upande huu na walio upande ule. Mary Leakey alihisi kuwa ni mwanamke anayetekwa, na jamaa zake wanamng'ang'ania. Wengine, wakizikumbuka ngoma za uganga za Wasandawe wanaoishi si mbali na hapo, wameona mtu aliyepandwa na hali, na wenzake wanamshika asianguke. Utekaji au uponyaji! Hayo si mambo yanayokaribiana, nayo yote mawili yameingia katika mistari ile ile, bila hata mmoja wao kuweza kumkanusha mwenziwe, kwa kuwa aliyekuwa na habari alikufa nayo.

Mary Leakey huyo huyo, mwaka 1978, alifukua Laetoli nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.6 iliyopita juu ya jivu la volkano lililoloweshwa na mvua, na katika jivu hilo hata alama za matone zimesalia. Hapo hatumlaumu mtu kwa kukosa jina. Lakini sisi tunajua kuandika.

Na tumekosa kuandika kwa muda mrefu. Zichukueni kadi za posta za enzi za Wajerumani na Waingereza zilizopigwa katika nchi hii ya kati, nanyi mtasoma chini yake neno moja, jina la kabila, basi. Afisa aliyesimama kando huwa na jina na cheo, ama mwenye mkuki au mwenye kibuyu ni Mgogo tu, kana kwamba kabila zima liliomba kupigwa picha kwa mpigo. Kosa hilo tumelirithi. Marehemu Hukwe Zawose, mwana wa kijiji cha Doduma, aliyefariki mwaka 2003 baada ya kuzifikisha marimba na zeze za Kigogo katika majukwaa ya dunia, jina lake limeandikwa vizuri katika kila picha yake. Akina mama waliompigia ngoma nyuma yake, aghalabu ni "kikundi". Hata ile picha ambayo kila mtoto wa shule ameiona, ya Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar katika ukumbi wa Karimjee, Aprili 1964, tendo la muda mfupi mno kwa jambo kubwa kama lile, iliwaonyesha vijana walioshika vyombo kwa miaka mingi kabla ya magazeti yetu kwenda kuwatafuta, wakiwa wamekwisha kuwa wazee, na kuwauliza wao ni nani na waliona nini. Walikuwa na mengi ya kusimulia. Walikuwa hawajaulizwa.

Nayasema haya Dodoma kwa makusudi, kwani mji huu, ambao TANU iliamua mwaka 1973 uwe makao makuu na ambao Serikali ilihamia kwa dhati kuanzia mwaka 2016, unabadilika mbele ya macho yetu, na kila mwezi yako mambo yatendekayo hapa ambayo hayatatendeka tena: mwaka 2024 treni ya umeme ya kwanza yenye abiria ilitoka Dar es Salaam ikafika kwetu, na mamia ya simu zikainuliwa. Picha hizo ziko wapi? Nyingi zimetumwa na kutumwa tena kwa WhatsApp, na wengi wenu hamjui kwamba simu hujiandikia yenyewe, ndani ya picha, saa na mahali ilipopigwa, lakini picha ikipita katika njia hiyo ya kawaida maandishi hayo hufutwa, ikabaki sura tupu yenye jina la tarakimu. Hubaki salama ikitumwa kama faili la hati, jambo ambalo ni watu wachache wanaolifanya. Tumerudi tulipokuwa na kadi za posta, ila safari hii hapana mkoloni wa kumsingizia.

Wenye picha za karatasi majumbani, zile za studio za mtaa wa sokoni zenye pazia la maua na kiti cha kuegemea, nawasihi wazitoe makabatini wazee wangali hai, wawaulize, na waandike nyuma kwa penseli laini bila kukandamiza, kwani wino wa kalamu hupenya ukatokea usoni mwa picha baada ya miaka. Andikeni jina kamili, na jina la mtani aliyesimama pembeni akicheka, na sababu ya kukusanyika. Ikiwa ni msiba, semeni ni msiba. Ikiwa ni siku mtoto alipofaulu, semeni. Kazi hii haina fahari, wala haitampatia mtu zawadi katika maonyesho, lakini thamani yake hupanda kila mwaka, kinyume cha kamera iliyopigia picha hiyo.

Swali moja limebaki, nalo aliniuliza mmoja wa vijana waliopo hapa kabla hatujaanza, kwamba ikiwa mwenye sura ni lazima aulizwe jina, je, tukishamwuliza, lahadha haitakuwa imekwisha kupita? Ndiyo, imepita, ndiyo maana aulizwe baada ya kupigwa, na picha ile iwe amana mikononi mwa mpigaji mpaka ajibiwe. Na mwenye sura akisema hataki, picha ifutwe mbele yake. Wako wazee wa nchi hii ambao mambo yao ya kuomba mvua hufanywa miambani, baina yao na Mungu wao na wahenga wao, na hawataki jicho la kioo lisimame katikati. Hao hawahitaji hata kuulizwa baada ya tendo, kwa sababu jibu lao linajulikana kabla. Katika mahali kama hapo mimi kamera huiacha nyumbani, na wanaoniambia kwamba kwa kufanya hivyo naipunja tarikhi ya nchi, nimewasikiliza kwa adabu na bado sijakubaliana nao.